Tupeane uzoefu: ulijinasua vipi ulipokwama kwenye shabaha ya bastola?

Mlengaji wa Ntinda:

Ndugu zangu wa shabaha, nawasalimu. Kwa miaka miwili nilikwama mahali pamoja katika mashindano ya bastola ya vitendo, yaani yale ya kupiga shabaha nyingi huku ukitembea na kupimwa muda, na ningependa kila aliyewahi kupita hapo atueleze alivyotoka, pamoja na makosa aliyoyafanya njiani. Naanza mimi.

Nilidhani tatizo langu lilikuwa mkono. Kila Jumamosi nilisimama mita 10 kutoka kwenye karatasi, nikapiga polepole, nikarudi nyumbani nimeridhika kwa sababu matundu yalikuwa yamekusanyika katikati. Katika mchezo wetu, hata hivyo, pointi hugawanywa kwa sekunde. Kwa sisi tunaotumia bastola za kawaida za milimita 9, tundu la eneo A, lile la katikati ya shabaha, ni pointi 5, la C ni 3, la D, la pembeni kabisa, ni 1, na risasi iliyokosa shabaha hukatwa pointi 10. Katika zoezi moja la risasi 24 nilipata pointi 112 kwa sekunde 26, yaani 4.31 kwa kila sekunde. Kijana aliyenifuata alipata pointi 106 kwa sekunde 19.6, yaani 5.41. Nilikuwa nimelenga vizuri kuliko yeye, na bado aliniacha mbali.

Mke wangu alikuwa amenirekodi kwa simu, nami usiku ule niliitazama video hiyo huku nimeshika kalamu. Nafasi kati ya risasi ya kwanza na ya pili, nilipoijumlisha kwa shabaha zote 12, haikufika sekunde 5. Muda uliosalia ulipotea katika kuchomoa, kutembea, kubadili magazini na kuhamisha macho. Nilikuwa nikifika mahali pa kupigia, natuliza miguu yote miwili, navuta pumzi, ndipo nainua bastola. Kwa miezi mitatu nilifanya jambo moja tu: kuhakikisha bastola iko usoni, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, kabla mguu wa mwisho haujatua, na jicho limeshafika kwenye shabaha kabla mtutu haujaifuata. Risasi nilizotumia zilikuwa chache kuliko za mwaka uliotangulia, lakini hatua nilizopiga zilikuwa nyingi mno.

Binti wa Jinja:

Asante kaka kwa kufungua mada hii. Mimi nilikwama kwa sababu nyingine, na nilichelewa kuitambua kwa kuwa kila mtu alinishauri ninunue bastola nyingine. Risasi zangu zilikuwa zikishuka chini kushoto, nami natumia mkono wa kulia. Mzee mmoja pale uwanjani aliichukua magazini yangu, akanigeuzia mgongo, akachanganya risasi bandia mbili katikati ya risasi za kweli, kisha akaniambia nipige kama kawaida kwa mita 7. Ya tatu ilikuwa bandia. Hapakuwa na mlio, lakini mtutu ulichovya chini kama kuku anayedonoa punje, na nikagundua kwamba macho yangu yalikuwa yamefumba. Nilikuwa nalisukuma teke la bastola kabla halijaja.

Nilichoka sana moyoni siku ile. Dawa yake niliipata nyumbani, hasa wakati wa marufuku ya usafiri ya mwaka 2020, tulipokuwa hatuwezi kwenda uwanjani. Niliondoa risasi zote na kuziweka chumba kingine, nikakagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, nikaelekea ukuta mnene wa tofali za kuchoma ambao nyuma yake hakuna mtu, na nikavuta kifyatulio dakika 15 kila jioni huku nikitazama kama kilengeo cha mbele kinatikisika. Naomba wanaoanza wasiruke hatua ya kukagua chemba hata siku moja, kwa sababu bastola inayodhaniwa haina risasi ndiyo inayoua watu majumbani. Niliporudi uwanjani, risasi 50 za kwanza hazikuwa na maajabu, ila nilikuwa nimeanza kujua, kabla ya kwenda kuangalia karatasi, kila risasi ilikoenda.

Mstaafu wa Bombo:

Wanangu, mimi nilifundishwa silaha jeshini, na kwetu kulenga kulikuwa ibada. Nilipoingia kwenye mchezo huu nikiwa nimestaafu, nidhamu ile ile ndiyo iliyonifunga. Kwa shabaha iliyo mita 4 nilikuwa nasubiri vilengeo vitulie kana kwamba nalenga ng'ambo ya bonde, na vijana waliniheshimu kwa maneno huku wakinishinda kwa matokeo. Shirikisho la dunia la mchezo huu liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu ya shirikisho hilo ya Kilatini inataja usahihi, nguvu na kasi, yote matatu pamoja. Mimi nilikuwa nimechukua moja nikaacha mawili.

Nilichofanya ni kupanga shabaha tatu, ya mita 4, ya mita 10 na ya mita 20, nikajifunza ni kiasi gani cha kuona kinatosha kwa kila moja. Ile ya karibu inaniruhusu kufyatua mara tu mtutu unapoingia katikati ya karatasi, lakini ile ya mbali inanidai nivione vilengeo vyote viwili vimekaa sawasawa. Kuacha kuona kila kitu kuliniuma kama kuvunja amri, na ilinichukua mwaka mzima.

Mwalimu wa Mbarara:

Shikamoo mzee. Kwangu ilikuwa macho tu: nilipofika miaka 46 kilengeo cha mbele kilikuwa ukungu, na miwani iliyopimwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa ilinirudisha mchezoni.

Ila naomba nitofautiane kidogo na mwenye mada. Kipima muda kilinidhuru kabla hakijanisaidia. Nilikimbiza tarakimu kila siku, nikaanza kukubali tundu la D kama la kawaida. Sasa napima muda siku moja kwa wiki, na siku nyingine kifaa kinabaki kwenye begi.

Mlengaji wa Ntinda:

Mwalimu, umenigusa, kwa maana daftari langu la mwezi uliopita lina sekunde ukurasa mzima na halina hata tundu moja lililoandikwa eneo lake. Mzee wetu, marahaba yako kwa Mwalimu tunaisubiri, na nina swali: ile shabaha ya mita 20 uliipiga kabla au baada ya kukimbia? Mimi nikifika pale nikiwa nahema, vilengeo havikai sawasawa hata nikivisubiri.