Eti "kama hana hatia, wakili wa nini?" Huyu afande kanivuruga kabisa

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, ndo kwanza natoka kituoni. Ni yuleyule wa kaunta mnayemjua, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Mdogo wangu kakamatwa tangu juzi jioni, nikamuuliza kwa heshima zote, afande, kosa lake nini na mbona hajafikishwa mahakamani? Kimya, anachokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu, viatu na mkanda wa mdogo wangu viko chini ya meza yake. Nikasema basi ngoja nimlete wakili. Akaangua kicheko mpaka mahabusu wakachungulia, "Kama hana hatia, wakili wa nini?"

Wakili wa nini!!! Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 11, linasema mtu hana hatia mpaka ithibitike kwa sheria. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ibara ya 9, unasema ukikamatwa uambiwe sababu palepale na ufikishwe kwa hakimu upesi. Mimi naambiwa upelelezi unaendelea, unaendelea mpaka dogo aote mvi humo ndani? Dola ina pingu, bunduki, wapelelezi, waendesha mashtaka wa mshahara, yeye hata kamba za viatu hana, halafu wakili wa nini! Na kile kicheko!

Kisiki_Kavu: Punguza povu mkuu. Hayo maibara ungemsomea yeye palepale kaunta, sio sisi.

MamaWawili: Afadhali yako umechekwa tu. Mimi walichukua simu bila hati yoyote, wakanilazimisha nifungue, wakasoma meseji zangu na mume wangu kwa sauti, wanapokezana!

Chuma_Cha_Pua: Watetezi wa wahalifu mmeanza. Aliyenivunjia nyumba kapata dhamana siku ya tatu, akanipungia mkono njiani. Haki zangu mimi ziko ibara ya ngapi?

MamaWawili: Dhamana sio kufutiwa kesi, baba. Atarudi kujibu.

Chuma_Cha_Pua: Arudi wapi? Mimi mlalamikaji nimeitwa mara sita, mara sita zote imeahirishwa, mara shahidi hayupo, mara hakimu ana udhuru.

Mwanzisha uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu anaomba wakili ANACHEKWA. Ibara ya 14 ya mkataba huohuo inakataza kumlazimisha mtu akiri kosa, sasa bila wakili nani atajua humo ndani kinafanyika nini?

Kisiki_Kavu: Mara sita tu Chuma? Ya kaka yangu ilienda miaka miwili, siku ya hukumu faili halionekani.

Chuma_Cha_Pua: Faili halionekani kivipi, lina miguu?

Kisiki_Kavu: Ndo hivyo, karani anatuuliza sisi tumeliweka wapi.

MamaWawili: Huyo karani ni yule mfupi wa dirisha la pili? Huyo mniachie mimi, nafungua uzi wake usiku huu.