Ulimi wa bi mkubwa unawaka moto kila siku, naombeni msaada

MtotoWaMwisho: Habarini wakuu, bi mkubwa ana 57, tangu kabla ya Ramadhani analalamika ulimi unamuwaka kama kaunguzwa na chai, ncha na pembeni, mdomo unakauka na ladha ya chuma chuma haimtoki. Ukimmulika na tochi huoni kitu, si kidonda si utando. Cha ajabu akiamka yuko fresh, kufika jioni hataki hata kuongea, ila akiwa anakula unapoa. Kapewa dawa ya fangasi, hola. Ana presha na sukari, metfomini (dawa ya sukari) anameza miaka mingi.

Kijiwe9: Typhoid hiyo mkuu, kapimeni

MamaTausi: Typhoid ya tangu kabla ya Ramadhani we vipi 😂 Mie ilinianza nilipokoma hedhi. Dawa ya meno ya minti kali ndo ilikuwa inanitonesha, nikahamia ya watoto, ukwaju na pilipili nikaweka pembeni, namung'unya vipande vya barafu. Haijaisha ila nalala.

FundiMeno: Mwanzisha uzi, metfomini ikitumika muda mrefu inashusha vitamini B12, na B12 ikipungua ulimi unawaka, so apime hiyo, wingi wa damu, madini ya chuma, sukari na tezi ya shingo. Dawa ya presha ni ipi? Zile zinazoishia na "prili" kuna watu zinawaletea hii shida, ila msimwachishe kienyeji, daktari ndo abadilishe. Vipimo vikitoka safi vyote basi ni neva zenyewe za mdomo zinatuma maumivu bila sababu, inawapata sana wamama wa umri huo, haiambukizi na sio kansa. Hapo daktari anaweza kumpa klonazepamu, kidonge anakimung'unya dakika tatu anatema, au amitriptilini dozi ndogo usiku. Hizo sio za kujinunulia duka la dawa jamani. Na akisukutua asitumie zenye alkoholi.

MtotoWaMwisho: Daah asante sana, boksi limeandikwa enalaprili kumbe! Kesho si nimpeleke tu achomwe sindano za B12?

FundiMeno: Apime kwanza, akichomwa kabla kipimo kitasoma juu na hamtajua kama ndo ilikuwa shida

MamaTausi: Na hiyo enalaprili kesho ameze kama kawaida, usije ukatuletea uzi wa stroku