Tupeane uzoefu: kazi za kila siku kwenye bustani kubwa ya shamba

Wadau, habari za asubuhi. Natunza bustani kubwa nje ya mji: miti ya matunda, maua, vitalu vya mboga, ukoka na uzio wa miti. Bustani ya ukubwa huu huiwezi kwa nguvu, unaiweza kwa kuizungukia. Kila alfajiri, kabla ya kushika jembe, napita kote na ndoo na mkasi wa kupogolea. Gugu lililotoa ua naling'oa papo hapo hata kama zamu ya eneo lile bado, maana likishapukutisha mbegu nitapalilia hapo miaka. Lililo changa linaweza kusubiri. Nanyi wenzangu siku yenu inaanzaje?

Mama Vitalu: Asante kwa mada, ndugu yangu. Mimi naanza na maji. Nachomeka kidole ardhini. Chini kukiwa na unyevu, simwagilii, hata kama juu pamekauka. Katikati ya bustani nimeweka kopo lenye kuta zilizonyooka, mvua ikinyesha napima kwa rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 imenibebea ndoo ya lita 20 kwa kila mita. Kisha matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina la mti maana gome huoza.

Kijana wa Jembe: Shikamooni wakubwa. Mimi kilio changu ni ndago. Nalima leo, wiki ijayo zimerudi nyingi kuliko mwanzo. Mnafanyaje?

Mpenda Udongo: Marahaba kijana. Chimbua moja taratibu utazame: chini utakuta vijiazi vidogo vyeusi vimeungana kwa nyuzi, kimoja hadi kingine. Jembe linakata zile nyuzi, na vijiazi vilivyokuwa vimelala vinaamka, kila kimoja na chipukizi lake. Ndiyo maana zinaongezeka. Tumia uma wa bustani, inua udongo wenye unyevu, toa vijiazi vyote kwa mkono. Penye ndago nyingi mno napanda kitu cha kufunika ardhi, kwani ndago haipendi kivuli kabisa. Na tafadhali usizitupe kwenye lundo la mboji.

Lundo lenyewe ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Majani mabichi na majani makavu napanga kwa tabaka, makavu yakizidi, na unyevu uwe wa kubana mkononi lidondoke tone moja au mawili tu. Likishapata joto hufika nyuzi joto 55 hadi 65, na mbegu nyingi za magugu hufia humo. Lakini pembeni ni baridi, hivyo lazima ligeuzwe, ya nje yaingie ndani. Likianza kunuka vibaya limekosa hewa: geuza, ongeza makavu.

Mzee wa Uzio: Uzio pogoeni chini pawe papana kuliko juu. Juu pakitanuka, chini panakosa jua na majani yanapukutika, na matundu hayo kuyaziba ni kazi.

Tawi zito msilikate kwa mkato mmoja, litachana gome hadi kwenye shina. Anza kwa msumeno upande wa chini, umbali wa kama sentimita 30 kutoka shinani, usizame sana. Mkato wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza kuelekea ncha ya tawi, tawi linaanguka. Kisha ondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe tawi linapotokea. Uvimbe huo msiuguse, hapo ndipo mti unapofungia kidonda.

Mama Vitalu: Mzee wangu, na kidonda unakipaka rangi? Mimi nilifundishwa hivyo.

Mzee wa Uzio: Hapana binti yangu, kiache wazi. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi kuangalia ndani, akaona rangi haizuii kuoza. Mti hujizungushia ukuta wake wenyewe. Wewe hakikisha msumeno ni mkali na mkato ni safi.

Kijana wa Jembe: Nashukuru sana wakubwa. Nimechimbua ndago moja sasa hivi, nyuzi nimeziona. Naenda kuazima uma.