Duara jeupe kwenye kaunta ya Bakari (kikundi cha ukoo, Ngamiani)

Bakari: Assalaam aleykum. Haya tazameni picha. Kaunta ya jikoni imekwisha, fundi ni mie mwenyewe 💪

Shangazi Rehema: Waaleykum salaam. Mashallah! Vinang'aa hivyo vigae!

Bakari: Vya mawe hivyo shangazi, 30 kwa 30. Zege lina upana wa sm 60, kwa hiyo vimekaa viwili viwili. Kazi ilikuwa tundu la sinki. Grenda, diski ya almasi, Mwanahawa ananimwagia maji kwa kopo, na bado nilitoka mweupe kama mpika maandazi.

Mjomba Hamisi: Ulivipanga vikavu kwanza?

Bakari: Shikamoo mjomba. Nilivipanga. Gundi nikaiacha siku nzima ndipo nikajaza grauti kwenye mianya ya vigae.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Vizuri.

Bibi: Bakari, hapo kando ya sinki mbona pana duara jeupe? Au ni macho yangu?

Bakari: 😅 Macho yako mazima bibi. Nimesugua kwa sabuni, halitoki.

Mwanahawa: Nilikata ndimu za samaki jana nikaacha kipande hapo. Kesi yote ndiyo hiyo, toka asubuhi naulizwa.

Mjomba Hamisi: Usisugue tena. Hilo si doa, jiwe limeliwa. Uliuziwa kwa jina gani?

Bakari: Granaiti.

Mjomba Hamisi: Leta picha ya karibu.

Mjomba Hamisi: Nyeupe, mishipa ya kijivu. Granaiti ni punjepunje, kama mchele uliochanganyika na pilipili manga. Hiyo ni marumaru yenyewe, jiwe la chokaa, ndugu yake mawe ya mapango ya Amboni. Una kigae kilichobaki? Kigeuze mgongo, kikwangue kidogo, kamulia ndimu.

Bakari: Kinatoa povu 😳

Mjomba Hamisi: Basi. Granaiti isingetoa. Hilo jaribio hufanywa dukani, kabla ya kulipa.

Shangazi Rehema: Si kuna ile dawa ya kupaka mawe?

Mjomba Hamisi: Inazuia mafuta na manjano yasinywewe. Ukali wa ndimu haiuzuii. Ukwaju, siki, nyanya, vyote vinakula mng'ao. Hapo palipoliwa patafutwa unga wa kung'arishia marumaru, pasuguliwe kwa kitambaa kibichi. Mng'ao utarudi. Ndimu nyingine ikidondoka, unaanza upya.

Bibi: Kaunta yangu ya saruji inakamuliwa ndimu toka mamako hajaolewa.

Mjomba Hamisi: Saruji nayo inaliwa mama, ila haina mng'ao wa kupotea.

Bakari: Kuvunja sivunji. Kesho nanunua ubao mkubwa wa kukatia.

Mwanahawa: Mie nimeshaambiwa achari ya maembe nipikie uani 🙄

Shangazi Rehema: Na sie Idi tulisema tunakuja kwenu na machungwa ya Muheza gunia zima.

Bakari: Karibuni shangazi. Gunia literemkie uani.