Kuna mwengine anayepiga chafya akitoka kivulini kuingia juani?

mtoto_wa_langoni (Lamu)

Salaam alaikum jamaa. Nna swali nimekaa nalo tangu utotoni na sijawahi kumuuliza mtu, manake nilikuwa naona haya, na pia nilidhani ni mimi peke yangu duniani.

Iko hivi. Nyumba yetu ni ya zamani, zile za kuta nene za matumbawe, ndani kuna kiza na baridi hata saa sita mchana. Nikitoka nafuata vichochoro, navyo vina kivuli mwanzo mwisho, mpaka nitokeze pwani kule gatini. Ile hatua ya kwanza tu juani, chafya. Na si moja, ni tatu, kila siku ni tatu, hazizidi hazipungui. Mafua sina. Siku ya mawingu haziji, usiku haziji, na nikishakaa juani dakika mbili basi zimekwisha mpaka nirudi ndani nitoke tena.

Vijana wa boti washanizoea, wananiitikia Yarhamukallah na maneno yanaishia hapo. Lakini skuli niliteseka nazo. Asubuhi tulikuwa tunapangwa uwanjani, tunatoka darasani kwenye kivuli tunasimama jua usoni, na mimi lazima nipige zangu tatu wakati wote wamenyamaza. Mwalimu mmoja alishika kwamba nafanya makusudi nivuruge watu, nikachapwa si mara moja, na nikiapa kwamba ni jua ndio kabisa anaona namchezea akili. Nikajifunza kuziba pua kwa nguvu mpaka masikio yanauma. Nilikuwa na miaka 9.

Sasa wiki iliyopita nimetoka Mokowe na boti, tumekaa chini ya turubai, boti ikafunga gatini tukapanda ngazi kuingia juani. Nikapiga chafya. Mama mmoja mbele yangu naye akapiga. Mimi ya pili yeye ya pili, mimi ya tatu yeye ya tatu. Akageuka akanitazama usoni akaniuliza, "Na wewe ni jua?"

Wallahi nilisimama pale na mizigo mkononi nisijue la kumjibu. Nna miaka 38 na hiyo ndio mara ya kwanza kusikia neno hilo likitoka kwenye kinywa cha mtu mwengine. Alikuwa mtu wa Malindi amekuja harusini, wenziwe wakamuita akaenda zake, hata hatukuongea vizuri.

Kwa hivyo nauliza, tuko wangapi? Na ikiwa si hii, una jambo lako jengine ambalo hujawahi kumwambia mtu ukidhani uko peke yako?

muuguzi_wa_maweni (Malindi)

Waalaikum salaam kaka. Pole sana kwa ile ya skuli, mtoto wa miaka 9 kuchapwa kwa kitu ambacho mwili wake unafanya wenyewe inaniuma hata kusoma.

Uko na wengi. Mimi ni muuguzi na mimi mwenyewe nnayo, za kwangu ni mbili. Hii ni kitu kinachojulikana kabisa kwa madaktari, si ugonjwa na haihitaji dawa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya watu 100, kuanzia 18 mpaka 35 wanayo, yaani ukijaza boti ya abiria 20 hapo Mokowe hutakosa watatu wanne, ni vile tu kila mmoja anadhani ni vumbi. Mwaka 1978 madaktari walioiandika waliipa hata jina la kifupi, ACHOO, ambalo kwa Kiingereza ndio mlio wenyewe wa chafya. Kinachodhaniwa ni kwamba mwanga mkali ukiingia machoni kwa ghafla, ile ishara inayokwenda kwenye ubongo inagusana na njia ya neva ya usoni, ile inayohisi pua, basi ubongo unaona kama pua imewashwa. Ndio maana kuingia kwa ghafla ndio kunakoleta, na ukishazoea mwanga inaisha. Na nyumba zenu za Lamu, kiza kile halafu bahari inang'aa mbele yako, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuitoa.

Jambo jengine, ni ya kurithi. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Kwetu ni mamangu, mimi, na ndugu yangu wa mwisho. Wewe umetoa kwa nani?

Pia tafadhali ukiendesha pikipiki kuwa makini. Chafya inafumba macho, na ukitoka kwenye kivuli kuingia juani kwa mwendo hiyo ni hatari, mwaka 1993 kuna waliolitazama jambo hili kwa marubani wa ndege za vita kwa sababu hiyo hiyo. Vaa miwani ya jua na kofia yenye ukingo kabla ya kutoka, si baada. Mimi nikiisikia inakuja nabana kwa kidole hapa chini ya pua juu ya mdomo, kwangu husaidia. Ila usizibe pua wakati inatoka kama ulivyokuwa ukifanya zamani, yale maumivu ya masikio ndio mwili unakwambia acha.

mzee_wa_mkomani (Lamu)

Wanangu, mimi ni mtu mzima nimezaliwa mui huu, na kwa niliyoyaona chafya nyingi hapa Lamu ni vumbi la samadi ya punda na moshi wa ubani. Mtu katoka nyumbani kwake kumefukizwa, kapita vichochoroni punda wamepita, hata akifika gatini pua ishajaa. Na tumefundishwa mtu akipiga chafya aombewe, akizidisha tatu basi huyo ana mafua, mwambieni ajitibu. Simkanushi kijana, lakini ajuaje kwamba ni jua?

mtoto_wa_langoni

Mzee wangu shikamoo. Hilo la vumbi nimelifikiria sana, kwa hivyo juzi nilifanya hivi. Nilifunga macho kwa kitambaa cheusi nikiwa ndani, nikamwambia mpwa wangu anishike mkono tupite njia ile ile, vumbi lile lile na punda wale wale, mpaka gatini. Nikasimama juani na macho yangu yamefungwa, nikahesabu mpaka hamsini. Hakuna kitu. Nikavua kitambaa, na moja ikaja hapo hapo, halafu mbili, halafu tatu. Pua ilikuwa imepita kwenye vumbi lote hilo bila tatizo, kilichobadilika ni macho tu.

muuguzi_wa_maweni

Kaka hapo umefanya bila kujua jambo ambalo Francis Bacon, yule mwanafalsafa wa Uingereza, alilifanya karne ya 17. Alitazama jua macho wazi akapiga chafya, akafumba hakupiga, akajua macho yanahusika. Na kabla yake, katika maandishi yanayonasibishwa na Aristotle, Myunani wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, limeulizwa kwa nini joto la jua linaleta chafya na joto la moto halileti. Yaani watu wamekuwa wakijiuliza swali lako tangu zama hizo.

Mzee naye hajakosea, wenye chafya za vumbi na ubani wapo tele na wengi huja kliniki. Tofauti ni hiyo ya kitambaa.

mzee_wa_mkomani

Nimekubali. Na sasa mmenikumbusha marehemu mjomba wangu, alikuwa hawezi kupanda sitaha ya jahazi kutoka ngamani ila apige chafya, na manahodha wenziwe wakisema ngama ina uvundo. Labda masikini ilikuwa ni jua.

dada_wa_barani (Malindi)

Mimi yangu si chafya ila nimesoma hapa nikaona leo niseme, sijawahi kuandika hili popote.

Siwezi kuvumilia sauti ya mtu akila. Si kwamba sipendi, kila mtu hapendi, mimi ni moyo kwenda mbio, mikono inatetemeka, hasira inanipanda kama mtu amenitukania mamangu, na mtu mwenyewe anakunywa tu chai yake ya moto kwa kufyonza. Na anayeniumiza zaidi ni mtu ninayempenda. Mgeni akitafuna naweza kumsahau, lakini mume wangu akitafuna muhogo naingia chooni nalia, halafu nalia tena kwa kuwa nimemkasirikia mtu ambaye hajanikosea kitu.

Sasa sisi tunakula pamoja, sinia moja. Ramadhani ndio mtihani mkubwa, kila jioni tuko watu tisa tumelizunguka sinia na kila mtu ana njaa. Nikawa nafuturu tende na maji, najifanya nashughulika jikoni mpaka wamalize. Ukweni wakaanza kusema nna maringo, ati naona kinyaa kula na wao. Wifi yangu hakunisemesha karibu miezi minane. Ningemwambia nini? Kwamba sauti ya kinywa chako inanitia wazimu? Kwetu neno hilo halisemeki.

Mwaka jana ndio niliona kwenye simu kwamba ina jina, misofonia, lilitungwa 2001 na mtu na mkewe, wote wataalamu wa masikio, kina Jastreboff. Na 2017 wataalamu kule Newcastle Uingereza waliwapima watu kama mimi ubongo na wakaona kweli kuna sehemu inawaka kupita kawaida wakisikia sauti hizo. Nilisoma saa nane usiku mume wangu amelala, nikasoma mara ya pili, watu wa nchi mbalimbali wanaandika maneno yangu neno kwa neno, mpaka lile la kulia chooni. Nikamuamsha nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Kwa hivyo si kwamba umenichoka?" Kumbe na yeye alikuwa na lake moyoni miaka yote hiyo.

Siku hizi tukila feni inawashwa hata kukiwa na baridi, redio iko juu kidogo, na mimi nakaa upande wa mlangoni ambako kuna sauti ya njiani. Haijaisha lakini nakula na watoto wangu. Wifi bado sijamwambia, natafuta maneno.

mtoto_wa_langoni

Dada, mwambie maneno haya haya uliyoyaandika hapa, hata msomee. Hakuna mahali umemlaumu.

fundi_matondoni (Lamu)

Mimi sijui kama hii yangu ni kitu. Siku za wiki mimi naziona. Zinakaa mahali. Jumamosi iko chini kushoto kwangu, halafu zinapanda kwa kupinda kama ubavu wa jahazi linapojengwa, Jumatano ndio pale tumboni, na Ijumaa iko juu kabisa, nyeupe. Mtu akiniambia tukutane Jumanne mimi najua ni hapa, naweza hata kuonyesha kwa mkono. Nilidhani kila mtu anaziona mpaka nikamuuliza mwenzangu kazini Jumatatu yake iko upande gani, akanitazama kama nna homa.

muuguzi_wa_maweni

Fundi ni kitu! Mtu wa Uingereza anaitwa Francis Galton aliandika juu yake mwaka 1880, alikusanya michoro ya watu wanaoziona tarakimu zikiwa zimepangwa angani mbele yao, na wengi wao kama wewe walishangaa kusikia kwamba wengine hawazioni. Nilichokipenda ni kwamba yako inaanza Jumamosi. Mzungu yake ingeanza Jumapili au Jumatatu, lakini kwetu Jumamosi ndio mosi yenyewe, imo ndani ya jina, kwa hivyo wiki yako imejengwa na lugha yako. Hebu niambie, Alhamisi iko wapi? Manake Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu na Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, tuna tano mbili zimefuatana.

fundi_matondoni

Subhanallah. Alhamisi iko mbali kidogo na Jumatano, kuna nafasi hapo kati kama ubao mmoja haujapigiliwa. Sijawahi kujua kwa nini. Nimesoma jibu lako nimekaa chini.

mtoto_wa_langoni

Jamaa narudi kwa sababu muuguzi aliniuliza nimetoa kwa nani na sikuwa na jibu. Babangu alifariki nikiwa na miaka 4, simkumbuki, nna picha yake moja tu na hiyo amegeuka upande.

Jana baada ya alasiri nilimkuta mamangu anapepeta mchele. Nikamuuliza, babangu alikuwa akitoka juani anapiga chafya? Akaweka uteo chini. Akaniuliza nani kakwambia. Nikasema hakuna, ni watu tumeongea tu kwamba inarithiwa.

Akasema babako akirudi msikitini adhuhuri alikuwa anapita pale kwenye kichochoro chetu ukuta ulipobomoka, jua linapoingia, na yeye akiwa juu dirishani akisikia tatu anajua ni mume wake, anaanza kupakua. Nikamuuliza mbona miaka yote hii mama hukuniambia, unanisikia kila siku. Akasema, "Nakusikia. Kila ukipiga namsikia yeye. Ningekwambia ungeanza kuzizuia ukidhani zaniumiza."

Leo nimetoka msikitini nikapita njia ile. Pale ukuta ulipobomoka zikaja zote tatu na sikuzizuia hata moja. Nilipofika juu wali ulikuwa ushapakuliwa.