Malalamiko: Nimeuziwa skuta ya kukunja nikaambiwa ni ya michezo, na mwanangu amevunjika mkono

Ndugu wazazi wenzangu, hasa mlioko Tanga mjini, ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku nne hazikuipoza. Mwanangu wa miaka minane amevunjika mkono wa kushoto kwa sababu nilimnunulia kifaa ambacho muuzaji alijua, au alipaswa kujua, kwamba hakikutengenezwa kwa kazi niliyomweleza.

Niliingia katika duka moja huko Ngamiani nikaeleza wazi kwamba ninataka skuta ya kusukuma kwa mguu, ya mtoto anayeanza kujifunza kuruka na kuzungusha usukani. Kijana wa dukani alinitolea moja yenye rangi za kuvutia, akasema, "Dada, hii ndiyo ya michezo yenyewe, na akimaliza kucheza mnaikunja mnaiweka chini ya kitanda." Nililipa shilingi 145,000. Hayo maneno ya kukunja, ambayo mimi niliyasikia kama faida, ndiyo yaliyopaswa kunizuia.

Siku ya tisa, akiruka kutoka kwenye ukingo wa barabara usiozidi kimo cha tofali moja, skuta ilikatika alipotua, usukani ukalala mbele naye akaangukia mkono. Kofia ngumu alikuwa ameivaa, na kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mzee aliyezeeka na spana mkononi, aliitazama akaniambia, "Mwanangu, pamekatika pale pale palipokuwa panacheza." Mengine nimeyatafuta mwenyewe usiku, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mtoto. Skuta ya kukunja ni ya kwendea shuleni au dukani. Ina bawaba pale ubao wa kusimamia unapokutana na nguzo ya usukani, na kila mtoto anapotua, uzito wake pamoja na kishindo hupita kwenye pini ya bawaba hiyo. Tundu la pini hupanuka kidogo kidogo, usukani huanza kulegea, kisha siku moja chuma huachia. Usukani wenyewe ni wa mabomba mawili yanayoingiana ili kimo kiongezwe au kipunguzwe, na hapo pana kiungo kingine dhaifu juu ya kile cha kwanza. Skuta ya michezo haikunjwi kabisa. Usukani wake wenye umbo la herufi T hauongezwi wala haupunguzwi kimo, nao hubanwa kwenye foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa kola (pete ya kubania) yenye bolti mbili au zaidi. Haina hata waya wa breki ya mkono, kwa kuwa waya huo ungezuia usukani kuzunguka duara zima. Breki ni bati la juu ya gurudumu la nyuma, linalokanyagwa kwa mguu.

Nilipoikagua upya ile yetu, kila kitu kilikuwa kinyume. Magurudumu yake yana kiini cha plastiki, na kimoja kimeshaanza kupasuka kwenye beringi, ilhali ya michezo, ambayo kwa mtoto anayeanza huwa ya milimita 100 au 110, hufaa yawe na kiini cha alumini. Mishikio ilipaswa kumfikia kiunoni akiwa amesimama juu ya ubao. Hii, hata ikishushwa mwisho, ilimfika kifuani. Ncha za mishikio hazikuwa na vizibo, na bomba lililo wazi humkata mtoto anayeliangukia.

Nilirudi dukani na risiti. Mwenye duka, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo, alinijibu kwamba mtoto "ameitumia vibaya" na kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Aliitumia vibaya kwa namna gani, ikiwa aliitumia kwa jambo lile lile nililolitaja kabla sijatoa pesa? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Maandishi madogo chini ya risiti hayafuti hayo.

Sipingi skuta za kukunja kuuzwa. Waziuze, lakini wazitaje kwa kazi yake, na mzazi akitaja kuruka, wamwambie kwamba hawana anachokihitaji. Ningeondoka bila kinyongo, nikaendelea kudunduliza.

Ninataka nirudishiwe pesa zangu, nilipwe gharama za hospitali, na skuta zilizobaki ziondolewe kwenye rafu ya michezo. Bawaba iliyokatika nimeihifadhi pamoja na risiti. Kama nawe umeuziwa skuta ya kukunja hapa Tanga kwa maelezo hayo hayo, shika nguzo ya usukani, kanyaga ubao, uitikise mbele na nyuma. Ikicheza hata kidogo, mwondolee mtoto leo, upige picha ya bawaba na ya risiti uziweke hapa chini, kwa sababu Jumatatu ninarudi dukani na sitaki kurudi peke yangu.