Jeli ya jeni kwa vidonda vya sukari: tukubali majaribio Unguja na Pemba?

Mkaazi wa Jambiani (mwenye mada): Assalaam alaykum. Barazani kwetu palizuka mzozo, nauleta hapa. Kuna jeli zinazotengenezwa zishike maji mengi bila kuyeyuka, jamii moja na lenzi laini za macho ambazo msingi wake wanakemia wa Chekoslovakia, Wichterle na Lím, waliutangaza 1960. Sasa watafiti wanaitia jeni, yaani kipande cha DNA kinachoiagiza seli itengeneze protini fulani, ndani ya jeli na kuiweka kwenye kidonda. Seli za jirani zinatambaa mle ndani, zinaichukua jeni, zinaanza kutengeneza protini ya kuotesha ngozi au mishipa ya damu. Wakija kuomba kuijaribu kwa wagonjwa wetu wa sukari, turuhusu? Mimi nasema ndiyo. Ami yangu alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza na kokoto ndani ya kiatu.

Muuguzi, Wete: Pole kwa ami yako. Lakini nimefunga vidonda miaka mingi, na sijaona kidonda kilichoharibika kwa kukosa jeni. Kinaharibika kwa sababu mguu umekufa ganzi, mtu hahisi, anakuja siku kimeshanuka. Mwaka 1997 Marekani waliidhinisha jeli ya vidonda vya miguu vya sukari, becaplermin, yenye protini ya kukuza seli. Hata hiyo haifai kitu kama nyama iliyokufa haijaondolewa na mgonjwa bado anaukanyagia mguu. Nipeni kwanza bandeji za kutosha na mtu wa kuangalia nyayo kila kliniki. Mambo ya jeni tutazungumza baadaye.

Mwanafunzi, Tunguu: Dada muuguzi, protini ndiyo tatizo lenyewe. Ukiipaka, kidonda kinaivunja upesi, inabidi upake tena na tena. Jeni inaifanya seli iwe kiwanda kwa siku au wiki kadhaa. Wazo si geni: 1999 watafiti wa Marekani walitia plasmidi, yaani kipete cha DNA, ndani ya sponji ya kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mifupa, na mifupa ya mbwa iliyokuwa na pengo ikaota. Plasmidi kwa kawaida haijipachiki kwenye kromosomu, yaani DNA ya seli yenyewe, inafifia yenyewe. Na 2023 Marekani waliidhinisha Vyjuvek, jeli inayopakwa juu ya vidonda vya watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ibanduke ovyo. Inabeba jeni ya kolajeni ndani ya virusi vilivyolemazwa.

Mkaazi wa Jambiani: Na yule kijana wa Marekani aliyekufa kwenye majaribio ya tiba ya jeni?

Mwanafunzi, Tunguu: Jesse Gelsinger, 1999, miaka 18. Alidungwa virusi vingi vya kubebea jeni kwenye mshipa wa damu unaokwenda ini, kinga ya mwili ikaripuka kupita kiasi. Sifa ya jeli ni kuiweka dawa pale pale, isizurure mwilini. Ila siwafichi: protini za kukuza zina wasiwasi wake. Ile becaplermin iliwekewa onyo la saratani 2008, likaja kuondolewa 2018.

Mama wa Paje: Mimi nafunga mwani kwa taitai, vile vikamba vya shambani, tangu ulipoingia huku 1989, nazisikia habari za jeli nacheka. Karajinani ya mwani wetu si jeli? Wakija na jeli yao tuulize: mwani wa nani, na kilo shilingi ngapi?

Mwanafunzi, Tunguu: Mama, haki yako. Lakini wengi wanatumia alijineti, nayo hutoka mwani wa rangi ya kahawia, si huu spinosamu wetu. Na jeli yenyewe ni rahisi. Pesa iko kwenye jeni: kichupa kimoja cha Vyjuvek kinazidi dola 20,000.

Mwalimu wa madrasa, Chake Chake: Hapo mama kasaidia bila kujua. Jelatini na kolajeni nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Najua wapo wanaohoji kuwa kitu kikigeuka asili yake hukmu nayo hugeuka, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla ya kusaini. Ya mwani haina ugomvi.

Muuguzi, Wete: Haya, tufanye mmeniridhisha. Tiba za jeni zinazojipachika kwenye DNA, Marekani hushauri mgonjwa afuatiliwe hadi miaka 15. Hata kama hii haijipachiki, tuseme miaka mitano. Mgonjwa wangu yuko Kojani, haendi popote bila boti. Watafiti wakimaliza fedha zao, nani atapanda boti kwenda kumwangalia?

Mkaazi wa Jambiani: Hapo umenibana. Nabaki upande wa kuruhusu, lakini fomu isipelekwe kwa mgonjwa kabla ya kuandikwa jina la huyo wa boti, na nani anamlipa.